Supu Niliyoibakiza

Hirosaki, 9 Novemba

Dada Fumie,

Theluji imeanza, na koti ulilonitumia limenikaa vizuri. Jana nililivaa nikaenda kula rameni mgahawani kwa shemeji Kiyotaka, yule aliyeondoka na daftari la mapishi la marehemu mume wangu hata matanga hayajaisha.

Nilikaa kaunta, mbele ya macho yake. Nikazivuta tambi kwa kelele mpaka zikaisha, kisha nikaweka vijiti chini, bakuli limejaa supu. Wateja wote wakaliangalia.

"Shemeji, supu imekushinda?" akauliza, jasho linamtoka.

"Ina uchungu."

"Uchungu? Nimefuata daftari la kaka neno kwa neno!"

"Basi endelea kulifuata hivyo hivyo."

Dada, daftari halisemi kwamba dagaa wa supu hutolewa vichwa na matumbo machungu kabla ya kuchemshwa. Mume wangu hakuiandika kazi hiyo kwa sababu hakuwahi kuifanya. Miaka ishirini, kila asubuhi, niliifanya mimi.

Jumatatu nafungua mgahawa wangu, mlango kwa mlango na wake. Njoo unisaidie kukata vichwa. Mapazia ya jikoni nimeshashona, mazito, jirani asichungulie.

Mdogo wako,
Sayoko