Mguu Ambao Hajauona

Jumatatu, 3 Machi

Kigimbi cha kulia sentimita 46, cha kushoto 37. Napima kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Katika wateja wangu wote msumbufu ni huyu mguu.

Fundi kapiga simu saa saba, wakati wa mapumziko yao. Mume wangu — yeye fundi umeme, mimi fundi cherehani, tunaitana hivyo tangu uchumba. Mkataba wake unaisha. Anarudi Jumamosi ya tarehe 22! Mwaka mmoja na miezi minne sijamgusa. Nimecheka, nimelia, kisha nikamwambia simu inakatakata. Simu ilikuwa nzima.

Hajui habari za mguu, ulianza kuvimba akiwa keshaondoka. Nikiongea naye naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, inachukua sura na mabega basi. Anasema nimezidi kupendeza. Ee, kuanzia mabega kwenda juu!

Jumatano, 5 Machi

Wifi kanisema leo mpaka basi. Dada yake Fundi, tunakaa ua mmoja, ndiye pekee anayejua. Kwamba kaka yake ni mume, si mgeni wa kufichwa vyombo vichafu. Kwamba niseme kabla hajafika. Nikamwambia nitasema. Nilimjibu hivyohivyo mwezi wa kumi.

Alinipendea mwendo, huyu mwanaume. Alikuwa juu ya ngazi anafunga taa ya mtaani, nikapita chini, bisibisi ikamponyoka. Mpaka leo anasimulia, na kila mwaka ngazi inarefuka. Namtamani jamani. Na ule mwendo nautamani vilevile — nipite tu, mtu aangushe kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata akili! Nimejishonea soksi ya kubana, kitambaa cha kuvutika, mpaka juu ya paja. Juu nimetia lastiki pana, mistari miwili, isiporomoke. Mshono safi, utadhani ya dukani. Wiki mbili zinatosha kuupunguza mguu.

Jumapili, 9 Machi

Mguu umekuwa gogo. Lastiki imechimba mfereji kwenye paja. Nimelala kutwa. Fundi kapiga mara tatu, sijapokea.

Jumatatu, 10 Machi

Hospitali, mimi na Wifi. Nesi wa bandeji kaishika soksi yangu, kaigeuza ndani nje, kausifia mshono. Halafu kanipasha! Kwamba nimebana juu nikaachia chini, kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko wa maji. Basi ndiyo kazi yangu hiyo. Sketi, suruali, zote tunabana kiunoni, chini tunaachia. Mguu kumbe unataka kinyume: ubanwe zaidi kwenye wayo na kifundo, halafu ulegezwe kidogo kidogo ukipanda.

Nikauliza nisichowahi kuuliza. Kwa nini mguu huu? Kasema kwenye ule upasuaji wangu wa kansa, miaka mitatu nyuma, walitoa na tezi za kinena upande wa kulia. Maji ya mguu yalikuwa yanapitia hapo kurudi juu. Njia imepungua, maji yanabaki. Hakuna aliyeniroga. Sikula kitu kibaya.

Na hautapona. Kaniambia ananitazama machoni: hautapona, unatunzwa. Nioshe, nikaushe vizuri kati ya vidole, nipake mafuta, nifunge bandeji, niuinue nikipumzika. Ukipata joto na wekundu, nije siku hiyohiyo. Cherehani ya kukanyaga nisiiache, ila nikanyage nikiwa na bandeji, misuli ndiyo inayosukuma maji.

Nimelia pale pale. Miezi yote hii nilikuwa nangoja upone ndipo nimwambie.

Jumapili, 16 Machi

44! Wifi ndiye anayenifunga asubuhi, peke yangu siwezi, mkono mmoja uvute na mwingine ushike. Anafunga kwa hasira kama anafunga godoro la kuhama. Leo kasema kazi hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani.

Nimeota Fundi kalala, mguu wake juu ya wangu. Ule wa zamani.

Alhamisi, 20 Machi

43. Fundi anataka nimpokee stendi na gauni jekundu, lile la magotini. Nikasema limenibana. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama kuna kitu sitaki akione.

Nikasema chaji inaisha. Mwoga mimi. Mwoga, mwoga, mwoga!

Jumamosi, 22 Machi

Yupo! Yuko bafuni. Naandika haraka.

Basi limeingia mapema. Wifi kakimbia stendi kabla hajanifunga, nikabaki kitandani na shuka miguuni, eti napanga nguo. Akaingia. Amekonda. Ana mvi mbili tatu juu ya sikio, hazikuwepo kwenye simu. Akasimama katikati ya chumba, mikono wazi, anangoja niinuke.

Sikuinuka.

Akainama mwenyewe. Ananuka vumbi na safari, na yeye. Nimemng'ang'ania mpaka shati limepoteza kifungo. Hakuuliza kitu. Ila mkono wake ulishuka mgongoni, ukafika kwenye shuka, nikaushika. Akautoa. Akasema ngoja akaoge. Uso wake alipokuwa anatoka — sitaki kuuona tena uso ule.

Wifi kachungulia mlangoni. Nikamwomba anifunge upesi. Kaziweka bandeji zote nne kitandani, kaondoka zake!

Maji yanamwagika. Aliimba kidogo, sasa haimbi.

Shuka nimelitupa chini. Mguu uko nje. Mkubwa, mweupe kwa krimu.

Maji yamekatika. Anaita, Fundi, niletee taulo. Zamani nilikuwa nampelekea.

Nimemwambia liko huku chumbani, aje achukue mwenyewe. Kandambili zake nazisikia ukumbini, zinakuja mlangoni.