Mguu Mwepesi wa Shemeji

Shoga, nimejifungia kwenye choo cha gereji, nacheka hadi mbavu zinauma.

Unamjua shemeji yangu na mdomo wake, eti nina mguu mzito, namaliza dizeli. Leo kamwambia baba mkwe mbele yangu, "Lori jipya nipe mimi. Huyu atakufilisi."

Mzee akapanda na sisi ajionee. Shemeji kashika usukani tu, taa ya chujio la moshi ikawaka.

Si unajua chujio likianza kujisafisha kwa kuchoma masizi, lori linakunywa kama lina kiu ya mwaka mzima? Yeye hajui. Kwenye dashibodi, kilomita nne kwa lita zikawa mbili.

Mbili, shoga. Mbili. Akazima kiyoyozi. Akavua viatu, akabaki na soksi, jasho linamtiririka, anakanyaga kama anapita juu ya mayai.

Mzee akamuuliza taratibu, "Mwanangu, huo ndio mguu mwepesi?"

Nikapewa usukani mimi. Tulipofika mzunguko wa kwanza taa ya chujio ikazimika, masizi yameisha, namba ikapanda. Nne tena. Nikaendelea kuendesha kama sijaona kitu.

Sasa yuko nje ya mlango huu, mpole kama maji mtungini: "Shemeji, kwani wewe huwa unakanyagaje?"

Nimemwambia kesho avue na soksi.