Kilio cha Mama Ulichokipiga Chapa

Iringa,
9 Agosti, 1957

Ndugu Andendekisye,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara mbili na kulifuta mara mbili, kwa hiyo utapokea barua isiyo nalo. Natumaini u mzima huko Uganda na masomo yanaendelea. Baridi ya Iringa mwezi huu inakata vidole, hata chaki inaniponyoka darasani, lakini mimi sijambo. Mama naye haumwi mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonishikisha kalamu.

Mwezi wa tano mwalimu mwenzangu Liberatus, yule uliyesoma naye shule ya kati, alipata gazeti la chuo chenu. Aliingia nalo ofisini akicheka. "Mwalimu Yudith, mdogo wako amekuwa mwandishi! Njoo umwone huyu bibi kizee wake, analia huku ananusa ugoro." Walimu wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipofika mstari wa tano nikaona kwamba bibi huyo amekatika kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kama mama yetu.

Desemba ulipokuja nyumbani ulikuwa na daftari. Ulituambia chuoni mnasoma fasihi ya Kiingereza, utungaji na elimu ya lugha, na kwamba mwalimu wenu anataka kila mwanafunzi akusanye maneno ya kwao kabla hayajapotea. Tulifurahi sana. Ukamketisha mama jikoni, ukamwomba akuambie maneno aliyomlilia ndugu yetu Jailos siku ya maziko. Alikataa. Ukambembeleza siku tatu: "Mama, ni ya kuhifadhi tu." Akakubali. Nilikuwapo, namenya ndizi. Nilikusikia ukimwambia, "Rudia hapo, mama, polepole, sijaipata ile sauti ya mwisho." Akarudia kumlilia mwanawe polepole, ili wewe uipate sauti ya mwisho.

Haya, na Jailos je? Baba alipofariki, ndugu yetu huyo ndiye aliyeacha shule akashika jembe ili wewe uendelee. Baadaye akaenda machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, na shimo likamfukia asubuhi kweupe, akiwa kazini, na akili zake timamu. Wewe umeandika kwamba alitumbukia kwa ulevi. Umeandika kwamba mama yake alipaza sauti kila alipomwona mgeni anakuja na kapu la unga, na mgeni akiisha kupita alinyamaza.

Najua utasema ni hadithi, na kwamba mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Usinifundishe hilo. Na mimi nasahihisha insha kila Ijumaa. Lakini kijiji hukukibuni. Ugoro hukuubuni, wala kidole. Kilio chenyewe hukukibuni, umekipanga neno kwa neno, na chini yake umeeleza sauti zake kama mtu anayeeleza mlio wa ndege. Ulichobuni ni pombe tu, na yale machozi ya unga.

Nilikwenda nyumbani Mbeya likizo ya mwezi wa sita. Nikakuta Liberatus amekwisha kuwaandikia ndugu zake, na habari imemfikia mama kwamba jina lako limepigwa chapa. Alikuwa amewaita akina mama wa kanisani, amepika chai ya maziwa, amevaa gauni lake la Pasaka. "Mwalimu wetu huyu hapa," akasema, "atatusomea kazi ya mdogo wake." Wakakaa, wameweka mikono mapajani kama wanaosubiri sala.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilisema uongo. Nilishika gazeti lako nikatunga palepale habari za kijana aliye mbali anayemshukuru mama yake kwa kumlea bila baba. Walipiga vigelegele. Jirani yetu Atuganile alilia, akasema, "Huyu kweli amesoma."

Walipoondoka, mama alifunga mlango.

"Yudith, umesoma kurasa mbili na macho yako hayakusogea. Sasa nisomee kilichoandikwa."

"Mama, nimechoka."

"Mimi sijachoka."

Nikamsomea. Habari za ugoro hakuzijali. Nilipofika kwa Jailos akanizuia kwa mkono. "Nani alimwambia kwamba mwanangu alikuwa amelewa?"

"Hakuna aliyemwambia, mama."

"Basi ulevi huo ameutoa wapi?"

Jibu kama mnalo huko chuoni, niletee. Aliinuka kwenda kukamua ng'ombe, na saa yake ya kukamua ilikuwa bado.

Wiki iliyofuata alifariki Mzee Saulo wa ng'ambo ya mto. Unajua mwenyewe kwamba tangu tukiwa wadogo, msibani kwetu mama ndiye huanza, na wenzake humfuata. Mwili ulipotolewa nje, wanawake wote wakamgeukia. Yeye akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Atuganile akamgusa bega: "Anza, mama, tunakungoja." Akajibu, watu wakisikia, "Anzeni ninyi. Mimi nikilia naandikwa." Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyethubutu kuanza. Mzee Saulo amezikwa kwa nyimbo za kitabuni peke yake. Binti zake walitutazama kana kwamba tumewanyima moto.

Hilo ndilo ulilolihifadhi, Andendekisye.

Nimemwandikia mhariri wa gazeti lenu, kwa Kiingereza changu cha ualimu. Nimetaja jina kamili la Jailos, siku aliyokufa, na kazi aliyokuwa akiifanya saa ile. Liberatus amenisahihishia vituo viwili, na safari hii hakucheka. Wakiichapa, utaisoma mbele ya wenzako. Wakiitupa, nitaandika tena.

Atuganile anakusalimu sana. Anasema *ndaga fijo*, asante sana kwa maneno mazuri uliyomwandikia mama yako. Bado hajui. Nakuachia wewe uamue utamjibu nini. Liberatus naye hajambo, ila haya imemshika. Bwana akupe afya, na akupe usingizi mwepesi, maana mzito hukuustahili mwaka huu.

Nilimwuliza mama kama ana neno kwako. Amesema uje mwenyewe Krismasi, umwambie kwa mdomo wako jinsi Jailos alivyokufa. Amekataza usimwandikie kuomba radhi, kwa sababu barua itabidi mtu amsomee, na yeye hataki tena kusomewa.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira nawe, na ambaye hana mdogo mwingine aliyebaki,

Yudith