Akinyi Si Mmoja

Kisumu, Alhamisi, Novemba 1998. Joto la kunata tangu asubuhi, na mimi nimeshinda. Niacheni nijisifu kidogo.

Kazi ilikuwa kuunganisha vyama viwili vya akina mama wauza samaki, cha Kombewa na cha Mamboleo, kwenye ukurasa mmoja wa wavuti. Aliyejiandikisha pande zote mbili aonekane mara moja tu. Kesho wanamchagua mwenyekiti wao. Asiyekuwa kwenye ukurasa hapigi kura.

Programu yangu ililinganisha majina peke yake. Basi kila Akinyi Otieno wa Kombewa akaunganishwa na kila Akinyi Otieno wa Mamboleo, skrini ikajaa kama gunia la dagaa. Mshauri tuliyeletewa kutoka Nairobi akaamuru kila jina linalojirudia libaki moja, mengine yafutwe.

"Kompyuta haina shida, Bwana," aliniambia. "Shida ni majina yenu."

Damu ilinichemka. Kwetu Waluo msichana anayezaliwa asubuhi ni Akinyi; sasa aitwe nani, ili mgeni asipate taabu? Kufuta jina ni kumwambia mama aliyesimama mbele yako na karai lake kwamba hayupo.

Hasira ilinirudisha kwa mawazo nyumbani kwetu. Baba alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alimzaa Otieno, kwa sababu sote wawili tulikuja usiku. Hakuna aliyewahi kutuchanganya. Mimi ni wa nyar Alego, yaani binti wa Alego, ndugu yangu wa nyar Sakwa. Mama huitwa kwa alikozaliwa, mtoto hutambulishwa kwa mama.

Makatibu wa vyama vyote viwili walikuwa wameandika hivyo hivyo, katika safu ambayo mshauri aliiita porojo.

Nikaitia porojo hiyo kwenye sharti la kuunganisha. Nikapanga kwa jina, kisha kwa nyumba ya mama. Kila mwanachama akatokea, mara moja.

Alasiri akina Akinyi wawili walikuja kuhakikisha.

"Mimi ndiye huyu, wa nyar Gem," alisema wa kwanza. "Niko juu yako."

"Juu kwenye kioo tu," akajibu wa nyar Uyoma. "Sokoni unajua uko wapi."

Mshauri alitazama, akasema, "Sawa, Mzee," akafunga mkoba wake.

Kesho nitavaa shati jeupe nisimame mlangoni. Nataka kumwona atakayethubutu kumwambia Akinyi yeyote kwamba yeye ni marudio.