Zabibu Halikuwa Jina Lako

Baba,

Leo nimeng'oa msalaba wako. Usinikemee kwanza, ngoja nimalize kusema, maana nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jana Bwana mwenye shamba alikuja kaburini na msalaba wa mwerezi, umepakwa rangi vizuri, umeandikwa ZABIBU. Miaka kumi na saba umemtunzia mizabibu yake hapa Lanet, ukainyunyizia unga wa kiberiti mpaka ukakumaliza kifua, naye hajui jina lako! Akafungua chupa ya divai ya Hispania, ile anayoringa nayo kwamba imetoka shamba moja tu, haikuchanganywa na ya jirani. Akatusomea maandishi ya chupa mbele ya kaburi: jina la shamba, jina la kilima, jina la mzee aliyeitengeneza. Huyo mzee hajawahi kumwona. Wewe alikuona kila asubuhi.

Nikamwambia, "Bwana, zabibu ni tunda. Baba yangu ni Wekesa." Akacheka. "Lakini yeye mwenyewe ambia mimi Zabibu!"

Na kweli ulimwambia. Ulikuwa ukitusimulia huku umeshika mbavu: siku ya kwanza alileta vijiti vya mizabibu kutoka Hispania, vimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa maji, akakunyooshea kimoja akauliza, "Jina gani?" Ukadhani anakupima kama unaujua mti wa kwenye Biblia. Ukajibu upesi, "Zabibu!" Kesho yake akakuita hivyo, na nyapara naye akafuata. Mama alipotaka umsahihishe ulisema, "Mwache, ulimi wake mzito." Tulicheka, Baba. Sasa sicheki. Nawe pia nimekukasirikia. Jina alilokupa nyanya kwa kuwa ulizaliwa wakati wa mavuno, uliliacha pale getini kama koti kuukuu.

Basi nimefanya hivi. Nimechukua nguzo ya zamani uliyokuwa ukifungia matawi, nikanakili herufi kutoka kipande chako, kile kitambulisho cha kazi, nikachonga kwa kisu chako cha kupogolea: WEKESA WA SIMIYU. E ya pili imepinda, utanisamehe. Hiyo ndiyo iko kichwani pako. Msalaba wa Bwana nimeusimika penye mzabibu wa kwanza, mstari wa kwanza. Huko maandishi yake yanasema kweli.

Nyapara amekuja mbio. Anasema nitasababisha tufukuzwe sote, mimi na Mama na wadogo zangu, na nyumba hii si yetu. Najua. Anasema pia Bwana anataka nishike kazi yako, maana ni mimi peke yangu uliyenifundisha kupogoa. Bwana ameshaniulizia: "Mtoto ya Zabibu iko wapi?"

Lala, Baba. Leo sina chozi, nitalia siku nyingine. Nakuahidi jambo moja tu. Kesho kengele ikilia nitakuwa shambani na kisu mkononi, maana Mama lazima ale. Lakini Bwana akimwita mtoto wa Zabibu, mizabibu na imwitikie. Mimi sitageuka mpaka alitamke jina lako.

Binti yako,
Nafula wa Wekesa