Ndiyo, Afande

Mjukuu wangu Zamzam,

Nakusalimu kutoka Nakaloke. Mguu wa mama yako umepona, na mbuzi wako amezaa.

Umeniuliza ufanye nini waume wanapokuja huko kambini unakowahudumia wakimbizi kudai wake waliowakimbia.

Nilipokuwa msichana Jinja, mama alimhifadhi Achol, mkimbizi aliyepigwa na mumewe askari. Siku moja mama yuko sokoni, mume akaja kugonga mlango. "Toa mke yangu!" Achol akajibana nyuma yangu. Babu yangu alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake cha amri nilikijua. Nikanguruma kama yeye: "Nani huyo? Simama sawasawa! Sema jina!"

Nje visigino vikagongana. Kisha mume akajibu: "Ndiyo, afande."

Achol akaangua kicheko, na mume akatambua kwamba amechezewa. "Kumbe ni mtoto! Fungua, we!"

"Sifungui. Afande amekataa."

Majirani wakatoka, wakamcheka mpaka akaondoka.

Kiswahili hicho cha jeshi kiliwatisha wengi kwetu Uganda. Siku ile kililinda mlango. Wewe nawe usiwafungulie, wala usiombe radhi. Wakiuliza nani amekupa amri, watajie bibi yako.

Bibi yako anayekuombea,
Hawa