Mita Moja na Robo

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja na kamba. Mafundi wanne, na mkuu wao mwenye kofia ya sufu kwenye jua hili. Wameivuta kutoka bikoni, jiwe la mpaka, ya kona hii hadi ya kona ile, ikapita mbele ya geti langu, shubiri moja tu, kama vile geti halipo.

Nikawauliza hiyo ni nini. Ukuta, akasema yule mkuu. Nikamwambia hapo ndipo ninapopita mimi, wapangaji wangu wawili, muuza gesi, kila mtu, miaka tisa sasa. Hakubisha. Hakunijibu vibaya pia, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Mama, sisi tunafuata kamba. Kamba haijui nani anapita."

Kiwanja cha mbele kilikuwa cha mdogo wangu. Alikiuza mwezi wa kwanza bila hata kunidokezea. Mimi! Dalali wa miaka ishirini na sita, ambaye nusu ya mtaa huu walipokea funguo zao kutoka mkononi mwangu. Nilianza kwa kuonyesha vyumba vya kupanga kwa miguu, viatu jozi nne kwa mwaka. Kazi akampa yule dalali wa miwani, mtu asiyeweza kutofautisha bikoni na figa. Kamisheni imekwenda huko. Sasa na njia inafuata.

Kesho naenda kwa mnunuzi.

Jumanne, 4 Machi

Mnunuzi namwita Mwenye Mabati, maana ndiyo biashara yake. Nilikwenda na maneno makali, akanipa kiti na soda baridi. Ni vigumu kumfokea mtu huku unakunywa soda yake.

Anajenga ghala. Anataka upana wote, mita ishirini, ukuta hadi ukuta. Akatoa hati miliki akaniwekea mezani na kuanza kunisomea kama mwanafunzi. Mmiliki: yeye. Ukubwa: mita za mraba mia nne. Rehani: hakuna. Mizigo mingine juu ya ardhi: hakuna. Akaweka kidole pale palipo wazi. Haki ya njia ingekuwepo, akasema, ingekaa hapa.

Kidole kile ni changu. Nimekiweka mahali pale pale mbele ya wateja mia kadhaa. Usitazame rangi ya nyumba, nawaambia, tazama palipo wazi kwenye hati.

Nikamwambia mtaa mzima unaijua ile njia. Akasema anaamini kabisa.

"Lakini mama, mimi sikununua mtaa. Nilinunua karatasi."

Angekuwa mteja wangu ningempongeza.

Amenipa hadi Jumatatu ya tarehe 17, saa sita mchana. Mafundi wataanzia upande mwingine. Nikileta kitu chenye nguvu kisheria, ataacha njia. Nisipoleta, geti langu litatazama matofali. Nyuma yangu ni mtaro mkubwa, kulia na kushoto kuta za watu. Thamani ya nyumba isiyofikika naijua. Mwaka jana nilimkataza mteja kununua moja, nikamwambia hilo ni kaburi lenye madirisha. Alicheka sana. Nami nilicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa wakili. Nusu saa ya kunieleza mambo ninayoyajua, halafu dakika tano za kitu nisichokijua. Njia isiyoandikwa inaweza kudaiwa, kwa masharti mawili. Kwanza, aliyekuwa mmiliki wa kiwanja cha mbele siku ya ugawaji ale kiapo kwamba tulikubaliana nipite. Pili, uwepo mchoro wa mpima wa siku ile unaoionyesha. Kimoja bila kingine ni kazi bure.

Aliyekuwa mmiliki ni mdogo wangu. Hatujasemezana tangu mwezi wa nane.

Kuna la tatu, wakili amelisema huku akitazama dirishani. Mdogo wangu akiapa, Mwenye Mabati atamgeukia yeye. Atasema umeniuzia kiwanja kisicho na mzigo, sasa kina mzigo, nirudishie sehemu ya bei. Njia ni mita mbili na nusu kwa ishirini. Mita hamsini kati ya mia nne. Moja ya nane. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla hajamaliza sentensi.

Na bei yenyewe iko hospitali. Shemeji, mumewe, alipigwa na kiharusi mwaka jana, upande mzima. Ndiyo sababu ya kuuza.

Kwa hiyo nikamwombe mtu anitoe shimoni kwa kuingia yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda kwa mdogo wangu. Nilionyesha nyumba mbili, moja ikaelekea kuuzika. Mke wa mteja akauliza kama njia ya kuingilia imeandikwa kwenye hati. Nikamwambia ndiyo, na ni kweli. Za watu huwa naziandika.

Mganga hajigangi.

Jumapili, 9 Machi

Basi niandike. Hakuna atakayesoma.

Baba aliacha mita ishirini kwa arobaini. Ugawaji niliuendesha mimi. Mdogo wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili, akasema dada, fanya unavyoona. Nikamwita mpima. Mbele mia nne, nyuma mia nne. Nikachagua nyuma, watu wakasema tazama mkubwa alivyojinyima barabara. Sikujinyima kitu. Barabarani kuna vumbi na makelele. Nyuma kuna utulivu, na kupita nitapita kwake bila kutoa chochote.

Mpima akasema njia iandikwe. Nikasema sawa. Akasema lakini ikiandikwa, mwenzako wa mbele anapoteza mita hamsini ambazo hawezi kuzijengea. Haki ni mgawane hasara: mpaka urudi nyuma, upande wako, mita moja na robo.

Mita moja na robo. Upana wa kitanda cha watu wawili wanaopendana. Nikatazama chini pale nikaona jiko langu. Lilikuwa halijajengwa bado, lakini nililiona, na sinki lake na dirisha.

Nikamwambia aache.

"Sisi ni ndugu, mzee. Ndugu hawaandikiani njia."

Ilikuwa sentensi nzuri. Mdogo wangu alipoambiwa alitokwa na machozi, akaisimulia kwa mashoga zake wote: dada yangu hataki tuandikiane kama wageni. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akaondoka anang'aa.

Jiko lipo. Nimepikia humo miaka tisa. Leo nimelipima kwa hatua, bila sababu yoyote.

Na la mwezi wa nane nalo niliandike. Alikuja kwangu kwanza. Watu husahau hilo, mimi mwenyewe nilitaka kulisahau. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na si kile cha ndani, akaniomba nimtafutie mnunuzi. Nikamwambia kamisheni ni asilimia tano kama kila mtu, undugu kando na biashara kando. Akasema asante, dada, akabeba mkoba wake. Nikamkasirikia kwa kutobembeleza. Angebembeleza ningeshuka hadi tatu.

Kwenye njia tulikuwa ndugu. Kwenye asilimia tano, wateja. Nilichagua mwenyewe, mara zote mbili.

Jumanne, 11 Machi

Mpima bado yu hai, na macho yake mazuri kuliko yangu. Amestaafu, mafaili yake yako kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Alilipata letu kwa dakika nne. Karatasi moja. Upande wa mbele mchoro, na njia imewekwa kwa nukta nukta. Moyo ulinitulia.

Akaigeuza. Nyuma kuna mwandiko wake, ule mdogo ulionyooka: *Mpaka urudi nyuma 1.25 kufidia njia. Dada mkubwa amekataa. Njia isiandikwe, kwa agizo lake.* Na tarehe.

Akauliza kama nakumbuka. Nikasema kidogo. Akasema yeye anakumbuka sana.

"Nilimwambia mke wangu jioni ile, leo nimemwona mtu ananunua ugomvi wa miaka kumi ijayo kwa mita moja na robo."

"Ni tisa," nikamsahihisha.

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanipa karatasi yenyewe, akasema yeye hana kazi nayo tena.

Nilipita kwa mpiga fotokopi. Nakala ya mbele tu. Akauliza, na nyuma? Nikamwambia nyuma hamna kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda.

Wamepanga vyumba viwili. Shemeji amelala kwenye kile chenye dirisha. Kuta zina unyevu hadi usawa wa goti. Nilianza kuhesabu kasoro, kodi isingefika hata nusu ya wanayotozwa. Dalali wa miwani tena, nina hakika.

Mdogo wangu hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alikuwa anamgeuza mumewe, akaniambia shika mguu huo, dada. Nikashika. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kidogo kuongea.

Nikamweleza habari ya ukuta. Akaketi chini palepale. Akasema alimwambia yule wa miwani kwamba kuna njia ya dada yake. Yule akafungua hati, akamjibu haionekani, basi dada yako ameiacha, labda ana pengine pa kupitia. Naye akaamini.

"Nilijua wewe unaweza kusahau vitu vyote, dada, ila si vya kwenye karatasi."

Nilikuwa na nafasi hapo. Dakika nzima. Maneno yalikuwa machache tu: sikusahau, nilikataa. Nikaanza kueleza habari ya kiapo.

Ile moja ya nane nilimwambia. Siwezi kumficha mtu hesabu. Akaingia kwa mumewe, nikamsikia anamweleza taratibu, sentensi moja moja, akisubiri. Akarudi anajifuta mikono.

"Nitaapa. Mlango wako hautazibwa kwa jina langu."

Nikamwambia atakachodaiwa nitachangia nusu. Nusu! Mtu anajivua nguo mbele yangu na mimi napatana bei. Akasema asante, dada. Kwa sauti ile ile ya mwezi wa nane.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeandika kwenye kipande cha karatasi: yote, si nusu. Nikakikunja. Kisha nikaona kitafika mikononi mwake kama hongo. Nimekichana.

Mafundi wamefika kozi ya tano ya matofali upande wa pili. Kazi safi, inasikitisha kusema.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje kwa wakili. Saa nne na dakika ishirini.

Tulifika pamoja. Kwenye ngazi alinishika mkono, kwa mazoea nadhani, ndivyo anavyompandisha mumewe. Amevaa lile gauni la bluu nililomnunulia siku binti yake mkubwa alipomaliza shule. Sikujua kama bado analo.

Wakili akapokea ile nakala, akaitazama, akanirudishia. Kiapo hakiambatani na fotokopi, akasema. Ya asili iko wapi?

Ilikuwa kwenye mkoba. Ningeweza kusema imebaki nyumbani. Niliitafuta muda mrefu kuliko inavyostahili kwa mkoba wenye vitu vinne, nikaitoa, nikamkabidhi. Uso wa mchoro ukiwa juu.

Kisha akaniomba nisubiri nje. Anayeapa husoma peke yake, bila mdai pembeni, asije mtu akasema baadaye alishikiwa kalamu. Ni utaratibu mzuri. Mdogo wangu alikuwa ameshachukua kalamu mezani. Akasema hana haja ya kusoma, dada yake ameshasoma. Wakili akasema lazima asomewe kila kilichoandikwa, neno kwa neno.

Mlango wa mbao nyembamba, wa ndani. Unasikia kila kitu. Nimemsikia wakili akisoma vipimo. Ishirini. Arobaini. Mbili na nusu. Mdogo wangu anasema ndiyo, ndiyo, hapo ndipo.

Halafu karatasi ikageuzwa.

Wakili amesoma na huko. Hakuharakisha, hakupunguza mwendo. Ni mistari mitatu tu. Nilidhani ingechukua muda zaidi.

Nimesikia kalamu ikirudishwa mezani.

Hajalia. Namjua anavyolia, huanza na pua.

Fundi mkuu amepiga simu, anauliza waendelee au wasubiri, saruji imeshachanganywa. Nimemwambia asubiri. Mpaka lini, mama? Nimekata.

Mlango umefunguka. Ni wakili. Anasema kiapo hakijasainiwa, lakini pia hakijakataliwa. Anasema mdogo wangu ana swali moja, na anataka kuniuliza mimi, si wakili.

Nimemwambia naja. Namalizia mstari huu kwanza.